Kibanio Namba Tano

Kuna watu ambao kitu kikiwapotea, lazima apatikane mwizi. Wao wenyewe hawajui kupoteza. Fundi Mikunjo alikuwa wa kundi hilo. Kibanio chake namba tano kilipotoweka, miaka miwili nyuma, hakuchukua hata nusu saa kumjua mwizi: fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye asubuhi ile alikuwa amekuja karakana kuazima nta ya uzi na kupiga soga. "Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi Mikunjo alitangaza akiwa mlangoni, kwa sauti ya kuwafikia hata wasiohusika. Tangu siku hiyo, wanaume wawili waliokunywa chai pamoja miaka ishirini wakawa wanapishana njiani kama hawajuani. Na kibanio chenyewe ni kidude cha chuma, ukubwa wa kidole gumba.

Lakini kwa haki, kile kidude kilikuwa na uzito wake. Fundi Mikunjo alishona na kufunga mifuko ya maparachuti, na wateja wake hawakuwa watu wa kuruka kutoka kwenye ndege. Hao wa ndege wana raha zao: parachuti la kwanza likigoma, kuna la pili, na muda wa kutubu upo. Wateja wake walipanda madaraja, minara na majabali, wakajitupa. Parachuti moja, basi, na ardhi iko palepale chini. Ukihesabu mpaka nne, mambo yameshaamuliwa.

Kwa miruko ya chini namna hiyo, mfuko hauruki na mtu. Parachuti hukunjwa likatiwa mfukoni, kamba zake zikapangwa ubavuni mwa mfuko kwa vimpira, na ncha za kamba zikashikizwa kwenye mikanda ya mrukaji. Mfuko hubaki juu, umefungwa kwenye reli na kushikwa na mtu. Mrukaji akianguka, kamba zinachomoka kwenye vimpira, zinakaza, zinalivuta parachuti litoke kwenye mdomo wa mfuko. Yeye anaelea, na aliye juu anabaki na mfuko mtupu mikononi.

Mfuko mbaya hung'ang'ania. Mkunjo mmoja ukinasa kwenye mshono, mtu amekwisha. Kwa hiyo Fundi Mikunjo alikuwa ameumiza kichwa miaka mingi kutafuta mfuko usio na kinyongo: mishono yote imegeuziwa nje, bitana ya ndani inateleza, mdomo una kifuniko kama cha bahasha, na chini ya kifuniko umefungwa uzi mmoja mwekundu wa pamba, dhaifu makusudi, ukatike ukivutwa. Bitana hiyo aliikata kutoka kwenye parachuti moja kuukuu la rangi ya chungwa, lililotundikwa kwenye ndoano ya mwisho ukutani likiwa na madirisha pande zote. Alikuwa amelipa jina Marehemu. "Leo Marehemu amenikatia mita moja," alizoea kusema, na kucheka peke yake.

Vibanio vilikuwa kumi na viwili. Kazi yake ilikuwa kushikilia mikunjo isiteleze wakati wa kufunga, na vyote lazima vitoke kabla mdomo haujafungwa. Kila kimoja kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi ya kucha ya marehemu mkewe, na kila kimoja kilikuwa na msumari wake kwenye ubao. Misumari ikijaa, funga mfuko. Tangu "wizi" ule, msumari wa tano ulikuwa mtupu, na Fundi Mikunjo aliuacha hivyohivyo ili kila anayeingia auone na amuulize.

Warukaji wenyewe walikuwa na desturi moja waliyoiheshimu kuliko sheria ya nchi: aliyefunga mfuko ndiye anayeushika. Wewe uliyekunja ndiye utakayesimama pale juu na kutazama. Na kabla ya kuruka, mrukaji huuliza bila kugeuka, "Mkono wa nani?" Aliyeshika hujibu, "Mkono wangu." Baada ya hapo hakuna neno.

Mrukaji aliyemhusu Fundi Mikunjo kuliko wote alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye wenzake walimwita Kipanga. Alimfundisha mwenyewe kukunja akiwa na miaka kumi na mitano, akimgombeza kwa sababu alitumia mkono wa kushoto na kila kitu kikatoka kinyume. Lakini mfuko wa kuruka nao alimfungia yeye. Kipanga aliuchukua siku moja kabla, akalala nao nyumbani kwake, na alfajiri walikutana huko juu. Mzee hakuchoka kuwaambia watu kwamba mwanawe alikuwa hajawahi kuning'inia kwenye mkono wa mtu mwingine. "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," alisema, hasa akiwaona vijana wanaofunga kwa kutazama video.

Baada ya kila mruko wa Kipanga alikata ule uzi mwekundu uliobaki kwenye mfuko na kuuvisha kwenye waya uliopita juu ya cherehani, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio. Wengine hutundika vyeti.

Siku aliyoharibikiwa ilikuwa Jumatano ya kawaida, saa nne asubuhi. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye ule waya. Jicho likatua kwenye fundo la mwisho, na mkia wa fundo ulikuwa unaangalia kushoto. Akaupangusa tena, kama vile vumbi ndilo lililougeuza. Fundo lake yeye huangalia kulia. Limeangalia kulia miaka thelathini. Akatazama uzi wa kabla yake. Kushoto. Wa kabla ya huo, kushoto. Akavuta kiti, akakaa, akahesabu kurudi nyuma. Nyuzi arobaini na moja za Kipanga zilikuwa za mkono wa kushoto, na wa arobaini na mbili ndio uliokuwa wake.

Arobaini na moja. Mara arobaini na moja alikuwa amesimama juu akijibu "Mkono wangu" kwa kifua mbele, na mfuko aliofunga yeye ulikuwa umeshafumuliwa nyumbani kwa binti na kufungwa upya. Fundo hulala chini ya kifuniko, haliwezi kuonekana mpaka mfuko ufunguke. Na baada ya hapo ni nani anatazama fundo lililokatika? Mwanawe alikuwa ametegemea hilo, majivuno ya baba yake.

Aliumia. Tusimcheke katika hilo, aliumia kweli, mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Mwanaume mwenye akili angeshika simu na kusema, "Mwanangu, kwa nini?" Kuuliza si ujinga, hata watoto wanaujua msemo huo. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba amejua, na kukiri kungempa binti nafasi ya kujibu, na jibu ndilo alilokuwa akiliogopa. Akasubiri. Siku ya tatu shetani wa majivuno akamletea wazo, na mzee wa miaka sitini na mitatu akaona wazo lenyewe ni zuri. Mtu mzima ovyo.

Mruko uliofuata ulikuwa wa Jumamosi, kwenye daraja la zamani la reli ambalo treni haipiti tena. Alhamisi, Fundi Mikunjo alilitungua parachuti la binti yake kutoka kwenye ndoano yake, akaliweka kabatini. Kisha akamshusha Marehemu. Rangi ileile, kiwanda kilekile, kamba zake bado zimo. Akalipima kwenye mizani, akaona uzito uliopungua mkono hautaujua, akalikunja kwa ustadi ambao hakuwahi kuutumia kwa parachuti zima, akafunga uzi mwekundu, mkia kulia.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Binti akifungua mfuko, atamkuta Marehemu, atajua kwamba baba amejua, na atakuja mwenyewe kueleza. Asipofungua, basi amerudi kuamini mkono wa baba yake. Na baba, ambaye ndiye atakayeshika mfuko, atamzuia pale darajani, atacheka, atamwambia yote, watakumbatiana. Kwa vyovyote hakuna hatari, maana mfuko umo mikononi mwake. Hakujiuliza ingekuwaje kama angeamka Jumamosi na homa.

Ijumaa mchana Kipanga alipita kuuchukua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mzigo wako huo mezani."

Aliunyanyua kwa mkono mmoja, akaupima kidogo, akatazama ubao wa vibanio kama alivyozoea. Macho yake yakakaa kwenye ule msumari mtupu.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula."

"Haya, tukutane kesho. Usisahau koti, kule juu kuna baridi."

Jumamosi alifika darajani wa kwanza. Warukaji wengine walikuja wakipiga miayo, na katibu wao, mtu mrefu anayepima upepo kwa utepe uliofungwa kwenye fimbo, akamletea kikombe cha chai. Kipanga akafika wa mwisho, amevaa mikanda tayari, mfuko kifuani. Alimsalimia baba yake kama siku zote. Alitania watu kama siku zote. Fundi Mikunjo alimchunguza uso na hakuona kitu, na kadiri alivyokosa kuona kitu ndivyo moyo wake ulivyozidi kupanda. Hakufungua! Alipopokea mfuko ili aufunge kwenye reli, aliuminya pande zote, na angeweza kula kiapo kwamba aliitambua mikunjo yake mwenyewe. Akataka kulia kwa furaha. Akasema moyoni, ngoja kwanza, ngoja nilifaidi hili dakika moja zaidi.

Kipanga akapanda juu ya ukingo. Chini yake mto ulikuwa mwembamba, na mchanga pembeni.

"Mkono wa nani?" aliuliza bila kugeuka.

Fundi Mikunjo akafungua mdomo. Neno alilolisema maisha yake yote halikutoka.

"Baba. Mkono wa nani?"

Akamshika mkanda wa bega. "Usiruke."

Watu wakageuka. Katibu akauliza kama ni upepo, na utepe wake ulikuwa umelala kabisa.

"Si upepo," Kipanga alisema. Akainama kidogo, akaigeuza kola ya koti la baba yake kama anayemtengenezea, na mdomo wake ukawa karibu na sikio. "Ndani ni lile parachuti langu la bluu la zamani, baba. Nimelifunga mimi. Niachie."

Vidole havikuachia mara moja. Ilibidi avitazame.

"Sasa sema," binti alinong'ona. "Watu wanasikiliza."

"Mkono wangu," Fundi Mikunjo akasema.

Akaruka. Kamba zikachomoka moja moja kwa mlio wa haraka, mfuko ukashtuka mikononi mwa mzee, na bluu ikamwagika kutoka kwenye mdomo wake bila kunasa popote. Mfuko ulikuwa kamili. Mishono, bitana, kifuniko, kila alichokibuni kilifanya kazi yake, na alikuwa amebaki ameshika kitu kitupu, mkia wa uzi mwekundu ukiangalia kushoto. Katibu alimpiga begani. "Mzee, wewe hujawahi kukosea hata siku moja," alisema, na alimaanisha sifa.

Walirudi karakana kwa gari la binti. Aliegesha ng'ambo, upande wa fundi viatu, kwa sababu upande wao ulikuwa umejaa. Ndani, Kipanga alifunga mlango, akatoa furushi kwenye begi lake na kulitandaza mezani. Marehemu alijilaza pale na madirisha yake. Kwenye dirisha kubwa kuliko yote mtu angeweza kupitisha kichwa na mabega.

"Mama, sikiliza," Fundi Mikunjo alianza. Alikuwa ameipanga sentensi yake tangu darajani: nilikuwa nakujaribu.

"Subiri kwanza, baba. Nikinyamaza leo sitasema tena." Akaingiza mkono mfukoni, akaweka kitu juu ya meza. Kilikuwa kibanio, na namba tano yake ya rangi ya kucha ilikuwa bado inang'aa.

Mzee akakitazama.

"Kilikuwa ndani ya mfuko," Kipanga alisema. "Katikati ya mikunjo, kimebana kamba nne. Ile siku ya mnara, unakumbuka, upepo ukatuzuia. Mvua ikaninyeshea njiani, nikafungua nyumbani nianike. Kikadondoka mguuni kwangu. Kusingekuwa na upepo ningeruka nacho."

Fundi Mikunjo akaikumbuka asubuhi ile yote, waziwazi. Fundi viatu amekaa pale kwenye kigoda, ubishi umepamba moto, na yeye mwenyewe anahesabu vibanio huku akizungumza, macho hayako kwenye ubao. Aliona vizuri siku ile. Anaona vizuri hata leo. Uzi anautia kwenye tundu la sindano kwa mara ya kwanza. Alikuwa tu anapiga domo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kazi hii ndiyo wewe. Nikasema nitakuwa nafungua, narudishia, wewe hutajua, utaendelea kushika. Na fundi viatu nilimwendea siku ileile nikamweleza."

"Ulimweleza?"

"Ulikuwa umeshamtangaza mwizi mtaa mzima. Nilienda kumwomba radhi, nikamwambia nitakuja kukuonyesha kibanio. Akanikataza. Alisema afadhali yeye aitwe mwizi kuliko wewe uitwe kipofu."

Nje mtu alikuwa anagonga soli kwa nyundo, mapigo matatumatatu. Fundi Mikunjo alikuwa ameisikia nyundo hiyo miaka miwili na kuichukia.

"Ni macho, baba," binti alisema. Sauti yake ilikuwa imelainika, na huo ulaini ulimchoma kuliko ukali. "Umechukua lililo ndoano ya mwisho ukadhani ni langu. Rangi moja, hata mimi ningeweza. Sikulaumu. Sina hasira hata kidogo. Ningekuwa na hasira kama ungefanya makusudi."

Basi. Sentensi aliyokuwa ameipanga ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Aliigeuza huku na huku, aone kama kuna upande ambao inaweza kutoka bila kuchana. Mwanangu, nilijua. Nilichagua lile bovu nikiwa na macho yangu mawili, nikalipima kwenye mizani. Nililala nikijua kilichomo ndani. Nilitaka kuona kama unanipenda. Mzee asiyeona huongozwa mkono na kuonewa huruma. Baba aliyemfungia mtoto wake parachuti lenye matundu ili apime mapenzi, huyo sijui huonewa nini. Yeye mwenyewe asingemsalimia mtu wa namna hiyo.

"Macho," akasema.

Kipanga akamkumbatia na kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo wa miaka miwili. Alinukia baridi ya kule darajani. Fundi Mikunjo alimpapasa mgongo na kuutazama ukuta juu ya bega lake, na kwa uchungu ulioje aliona kila kitu: tarehe ndogo za kalenda, nambari kwenye futi ya kitambaa, nyuzi arobaini na moja juu ya waya, kila mkia mahali pake.

Mengine yalipangwa upesi, maana binti alikuwa ameyafikiria zamani. Kuanzia leo atafunga mwenyewe na atashikiwa na katibu, hata kama ni kinyume cha desturi. Wateja wengine wataambiwa mzee amepumzika. Cherehani ibaki, asiboreke. Anaweza kushona mikoba ya shule, mishono iliyonyooka, hakuna wa kufa. Jumatatu watakwenda kwa daktari wa macho. Fundi Mikunjo alizifikiria zile herufi zinazotundikwa ukutani, kubwa juu, ndogo chini, na akajua kwamba itabidi azikane moja moja.

Binti alichukua funguo za karakana, akazitia kwenye begi lake. Kibanio alikiacha mezani, na baba yake alikiokota na kukitia mfukoni. Msumari wa tano ukabaki mtupu.

"Nipe mkono, tuvuke," Kipanga alisema mlangoni.

"Naweza mwenyewe."

"Baba. Tafadhali."

Akampa mkono. Ng'ambo, fundi viatu aliinua kichwa, akaona mzee anashikwa, akaona macho ya binti yamevimba, na hakuhitaji kuelezwa. Aliweka nyundo chini. Alijifuta mikono kwenye aproni na kuja mpaka katikati ya barabara, akamshika Fundi Mikunjo mkono wa pili, kwa nguvu za mtu aliyemkumbuka mwenzake.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Twende taratibu. Hapa mbele pana mfereji, inua mguu."

Fundi Mikunjo aliuona mfereji. Aliona maganda ya chungwa ndani yake, kizibo cha chupa, na sisimizi watatu wakivuta bawa la nzi. Mfukoni kibanio kilikuwa kinamchoma paja. Akainua mguu juu kupita kiasi, akapapasa hewani kwa ncha ya kiatu, akasubiri wamwambie kwamba amefika.